Mrumi aliyewanywesha nyuki wa Gitting

"Hao Warumi anaokwenda kuwasoma mwanao, wana ng'ombe?"

Swali hilo aliliuliza Mzee Bura mwaka 2004, akiwa ameegemea fimbo yake mlangoni mwa jirani yake, Marieta Hhando, kijijini Gitting. Muda mfupi kabla, Marieta alikuwa amemweleza kwamba binti yake, Scolastica, amepata nafasi chuo kikuu Dar es Salaam, na kwamba atasoma lugha na maandishi ya Wagiriki na Warumi wa kale.

Alimpa mzee uji. Mzee akanywa, akamrudishia kikombe, akaenda zake akitikisa kichwa.

Sasa ni Novemba 2007, na Marieta ana jibu.

Saa moja asubuhi, baridi ya Mlima Hanang bado imelala kwenye nyasi. Marieta, mwenye umri wa miaka 54, anatoka jikoni na ndoo ya maji. Anafanya ishara ya msalaba, kisha anapita polepole katikati ya mizinga yake ishirini na mitatu. Mizinga hiyo haiko juu ya miti. Inaning'inia kwenye nguzo, usawa wa kifua chake, kwa waya uliopakwa grisi ili siafu wasipite.

Mwisho wa mizinga kuna karai kuukuu lililojaa mawe. Anamwaga maji ya jana, anamimina ya leo taratibu, mpaka vichwa tu vya mawe vibaki juu. Haupiti muda nyuki wa kwanza anatua juu ya jiwe, anainama, anakunywa.

"Karibuni chai," anawaambia. Anazungumza nao kila siku.

Kazi yenyewe haimalizi dakika kumi. Lakini wiki hii ndiyo inayomkosesha raha. Jumamosi Scolastica anavaa joho. Basi linaondoka Katesh Alhamisi alfajiri, tiketi imeshakatwa, gauni la kitenge limeshashonwa na kunyooshwa. Kilichokosekana ni mtu wa kutia maji kwenye karai kwa siku tano.

"Nimeomba watu watatu," anasema, akikalia kigoda. "Wa kwanza alicheka. Wa pili alisema atanijibu, mpaka leo anapita njia nyingine. Wa tatu ni mwanangu wa kumzaa, Lameck, yuko Babati. Ameniambia, 'Mama, nyuki wako wananijua kwa sura.'"

Anacheka mpaka anafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Maji yakikosekana siku mbili tu kwa ukame huu, watarudi kwa Mzee Bura. Na mimi siwezi kumfanyia Mzee Bura vile mara ya pili. Bora nisiende."

Ili kumwelewa, lazima kurudi nyuma kidogo.

Mumewe, Evarist, alifariki mwaka 1996 akamwachia watoto wawili, shamba la ngano na mizinga sita juu ya miti. Kijijini hapo mwanamke hapandi mti kufuata asali. Ndugu wa mume walimshauri aiuze mizinga. Marieta aliomba rozari siku tisa, siku ya kumi akamwita kijana mwenye kamba, akamwambia aishushe yote.

"Hawakunikataza kufuga nyuki," anasema. "Walinikataza kupanda mti. Basi sikupanda."

Zamani asali ya huko iliishia kwenye pombe ya sherehe. Biashara huria ilipoanza, wanunuzi wakaanza kuja wenyewe na ndoo zao kutoka Arusha na Singida, na Babati ilipokuwa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara wakazidi. Ndoo ya lita ishirini leo inampa shilingi elfu arobaini na tano. Ada ya sekondari ya Scolastica ilitoka humo, na nauli ya chuo pia.

Na Kilatini je, kilitoka wapi? Kanisani. Scolastica alikuwa na miaka kumi, anaimba na kwaya wimbo wa Kilatini ambao wazee wa parokia hawakutaka uachwe. Walipokuwa njiani kurudi nyumbani akauliza, "Mama, tulikuwa tunamwambia Mungu nini?"

"Mimi nimeishia darasa la saba," Marieta anakumbuka. "Nikamjibu, 'Mungu anajua.' Akaniambia, 'Yeye anajua. Sisi je?'"

Mtoto alipeleka swali kwa Padri Xavery, mzee mstaafu aliyekuwa akiishi parokiani. Padri akampa daftari na somo moja kila Jumamosi, malipo yake chupa ya asali kwa mwezi. Miaka tisa baadaye daftari hilo lilikuwa ndani ya sanduku la bati, juu ya basi, likielekea chuoni.

Likizo ya kwanza Scolastica aliporudi, mama yake alimwomba jambo moja: amsomee Baba Yetu kwa Kigiriki, kama ilivyoandikwa mwanzo. Binti akasoma kando ya moto. Marieta hakuelewa hata neno, na bado alipiga magoti.

Likizo ya pili ndiyo iliyokuwa na kesi.

Ilikuwa kiangazi cha 2006, kibaya. Vijito vilikauka. Nyuki wa Marieta waligundua birika ambalo Mzee Bura ananyweshea ng'ombe wake, hatua mia mbili kutoka mizingani. Walijaa ukingoni kama maharage yaliyoanikwa. Adhuhuri moja ng'ombe walisukumana kufika kwenye maji, nyuki wakakanyagwa, wakapandwa na hasira. Ndama mmoja wa Mzee Bura akafa kwa miiba yao.

Kikao cha kitongoji kikaitwa. Mwenyekiti, Patriki Sulle, akasema wazi: mizinga ipelekwe msituni, mbali na watu. Kwa mjane asiyepanda miti, asiye na mtu wa kulinda msituni, maana yake ilikuwa moja. Mizinga ingeibiwa ndani ya mwezi, na Scolastica asingerudi chuoni.

Ndipo binti akasimama na daftari. Akawasalimu wazee shikamoo, akaomba asome maneno ya Mrumi mmoja wa kale aliyeandika juu ya kilimo, ng'ombe na nyuki.

"Huyo mtu yuko hai?" Mzee Bura aliuliza.

"Hapana, babu. Alikufa miaka kama elfu mbili iliyopita."

"Sawa. Basi hajatumwa na mama yako. Soma."

Watu wakacheka, Scolastica akasoma. Macho yake yalikuwa kwenye Kilatini, mdomo ukitoa Kiswahili, na pale wazee walipokunja uso akageuzia Kiiraqw, lugha ya nyumbani. Mrumi alisema nyuki wawekwe karibu na nyumba, mwenye nyumba awaone. Wawekewe maji karibu, yasiwe na kina, na ndani yake mawe na vijiti vya kusimamia, wasizame.

Marieta ndiye aliyeshtuka kuliko wote.

"Miaka kumi nafuga nyuki na sijawahi kuwanywesha," anasema sasa, mkono kichwani. "Ng'ombe nilijua anakunywa. Mbuzi, kuku, wote nilijua. Nyuki nikadhani umande unawatosha. Ndama wa watu amekufa kwa sababu mimi nilikuwa mvivu wa kufikiri."

Lakini Mzee Bura hakuwa mtu wa kukubali haraka. "Kaandika nini kingine? Usiruke mjukuu wangu, soma."

Scolastica alimtazama mama yake. Angeweza kufunga daftari. Hakufunga. Akasoma kwamba mizinga inatawaliwa na mfalme, na kwamba nyuki wakiisha, mtu anaua ng'ombe dume, anamfungia chumbani, na nyuki wapya wanazaliwa kwenye mzoga.

Kicheko kilichotoka hapo, wanasema, kilisikika mpaka barabarani.

"Mfalme!" akadakia mama mmoja. "Mfalme anayetaga mayai?"

"Dume zima!" Mzee Bura alikuwa amesimama. "Anaua dume zima apate nyuki? Mwenyekiti, huyu ndiye shahidi wao?"

Marieta akainuka.

"Mzee, shikamoo. Mimi nilivyosikia, pale alipoangalia kwa macho yake amesema kweli. Pale aliposimuliwa na watu, amekosea. Hata sisi hapa tuko hivyo. Habari ya maji aliiangalia. Nipeni siku kumi na nne. Nikishindwa, mizinga nitaitoa mwenyewe, na ndama nitamlipa hata nikishinda."

Wakampa.

Siku tatu za kwanza nyuki hawakuligusa karai. Walilipita juu wakielekea kwenye birika, kama watu wanaopita duka jipya kwenda la zamani. Siku ya nne Marieta akatia asali kidogo kwenye maji, akaenda kumwomba Mzee Bura afunike birika kwa magunia saa za jua kali. Mzee akanung'unika, lakini akafunika. Kila adhuhuri alifunua pembe moja na kuhesabu. Siku ya tisa akatuma salamu: nyuki wawili. Siku ya kumi na nne hakuja kikaoni. Alimwambia mwenyekiti kwamba hana shauri na mtu, na ana ng'ombe wa kuchunga.

Ndama alilipwa kwa asali, misimu miwili.

Kazi ya mwisho ya Scolastica chuoni ilitokana na siku hiyo. Aliandika juu ya Mrumi wa nyuki, na pembeni ya kila alichosema Mrumi akaweka kile ambacho mama yake na wafugaji wa Gitting wamekiona. Amepata alama za juu, na amepewa nafasi ya kufundisha Kilatini katika sekondari moja ya masista. Lakini Marieta ana mpango wake. Anataka kurasa zile za nyuki zitolewe kwa Kiswahili, kitabu chembamba chenye makosa ya Mrumi na masahihisho yake, kila mfugaji wa kata aweze kukinunua.

"Nitauza pamoja na asali," anasema. "Anayenunua ndoo, kitabu bure."

Kabla hajamaliza, sauti inapiga hodi ugani. Ni Mzee Bura, shuka begani, kiroba mkononi.

"Shikamoo mzee. Karibu chai."

"Marahaba. Chai baadaye."

Anajifunika shuka kichwani na kwenda moja kwa moja kwenye karai, kwa mwendo uleule wa polepole wa Marieta. Anachuchumaa. Anatoa mawe ya zamani moja moja na kuyatupa kando. Kutoka kwenye kiroba anatoa mengine, safi, yaliyookotwa kijitoni, anayapanga. Nyuki wanamzunguka. Hawamgusi.

"Yale yameota utelezi," anasema akirudi. "Nyuki wanateleza, wanazama. Mrumi alisema mawe. Hakusema yaoshwe. Mwambie mwanao aandike na hilo."

"Nitamwambia, mzee."

"Basi lako ni lini?"

"Alhamisi, kama nitapata..."

"Unawapa maji saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

Mzee Bura anaitazama ndoo iliyo mlangoni. Anaiinua, anachungulia ndani yake, anaitundika kwenye fimbo, fimbo begani, na kushika njia ya kwake.