Manyoya ya Jiwe

Kama kuna kitu Obonyo alichokichukia duniani, ni rangi ya kijani ukutani. Alikuwa mwashi wa Kondele, mjini Kisumu, kwa miaka ishirini na minane, na kwake ukuta ulioota kijani ulikuwa aibu tupu: fundi amezembea, maji yanapenya mahali. Dawa yake aliijua hata usingizini. Brashi ya waya, kwangua, kisha saruji. Mkaidi yule! Ungemwambia mti umeanguka, angeuliza kwa nini haukutiwa nondo.

Kwao ni Seme, si mbali na Kombewa. Nyuma ya boma lao kuna jabali kubwa, na ubavuni mwake maji yalidondoka mwaka mzima, mvua isimame isisimame. Jiwe lenyewe hukuliona. Lilifunikwa na vijani vidogo laini, visivyotoa ua wala mbegu, ambavyo wanawake waliviita manyoya ya jiwe. Juu yake, kwenye nyufa, makangaga yalining'inia. Adongo, mama yake Obonyo, aliteka maji hapo tangu alipoolewa, na hakuruhusu mtu ayaguse manyoya yale. Kiangazi kilipokaza, mwanamke wa mwisho kuteka alimwaga kata moja juu yake kabla ya kwenda zake.

"Nayo inakunywa," Adongo alizoea kuwaambia wake za vijana. "Ikikunywa, inatuwekea."

Mwezi wa nane Adongo aliteleza hapo hapo, akavunjika nyonga. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Hospitalini walimwangalia, wakaona ni heri arudi nyumbani alale. Obonyo alipofika kutoka mjini alikwenda kwanza jabalini, akaona mahali kisigino cha mama yake kilipochana ule ukijani. Hasira zikampanda. Kumkasirikia Mungu hakuthubutu, na uzee haukasirikiwi, basi akalikasirikia jiwe.

Alifanya kazi siku tatu. Alikwangua manyoya yote, akang'oa makangaga na kuyachoma, akapiga plasta ubavu mzima, akatia bomba pale maji yalipotokea. Hata ngazi alijenga, ngazi nzuri, sikatai. Nasike, jirani aliyeolewa hapo kutoka Bungoma, alisimama na mtungi wake akitazama.

"Shemeji, hiyo kitu unatoa, Mama alitukataza kabisa."

"Hiyo kitu ndio ilimvunja," Obonyo akajibu bila kugeuka.

Kwa wiki chache alisifiwa kijiji kizima. Kisha mvua za vuli zikaja, na Obonyo alisimama kwenye mvua akaona kwa macho yake alichokifanya. Maji yaligonga plasta yakateremka yote kwa mara moja, mekundu, yamebeba udongo uliokuwa umeshikwa na mizizi ya makangaga. Hakuna kilichoyazuia. Vile vijani vidogo ndivyo vilivyokuwa vikifyonza mvua na kuiachilia tone kwa tone ndani ya nyufa, miezi na miezi. Yeye alikuwa amevikwangua kama uchafu, na nyufa zenyewe akazifunga kwa saruji.

Januari bomba lilitoa tope, halafu likatoa hewa. Obonyo alivunja plasta kwa nyundo, lakini jiwe lilikuwa kavu hadi ndani. Wanawake wakaanza kushuka ziwani, na maji ya ufukweni mwezi ule yalikuwa mazito na yananuka. Mtoto wa Nasike aliharisha wiki nzima, akapona kwa shida. Hakuna aliyemtukana Obonyo. Walimsalimia vizuri tu, na hilo lilimuumiza zaidi.

Aliwaomba wote wasimwambie mama yake. Sheryl, binti wa dada yake aliyekuwa akimwuguza bibi, alimletea maji ya kisima kutoka Kombewa. Adongo alionja, akashusha kikombe.

"Hii maji imetoka wapi?"

"Kwa jiwe, Mama," Obonyo akasema.

"Nimekunywa maji ya jiwe miaka sitini na tatu. Usinidanganye nikiwa kwa kitanda."

Obonyo akapiga magoti, akamweleza yote, brashi, moto, saruji, analia mzee mzima. Alingoja matusi. Aliyahitaji matusi yale.

"Kwa hivyo ni kuanguka kwangu imekausha watu," Adongo akasema.

"Hapana Mama, ni mimi."

"Ulifanya juu yangu, nyathina, mtoto wangu." Akakisukuma kikombe. "Pelekea watoto wa Nasike."

Tangu siku ile hakukubali maji. Akiletewa uji, anakataa. Akiletewa chai, anauliza kama watoto wamekunywa. Sheryl alimlowesha midomo kwa kitambaa, naye akageuza uso. Obonyo alimsihi, akamletea chupa za maji kutoka Kisumu, akazipanga kando ya kitanda. Hakuigusa hata moja. Siku ya tisa, asubuhi, alikuwa amekwisha kupoa.

Watu walisema ni uzee na ile nyonga. Obonyo hakubishana nao. Kikombe cha maji alichowekewa mama yake alfajiri kilikuwa bado kimejaa. Alikibeba kwa mikono miwili hadi kwa Nasike, akampa binti mdogo aliyekuwa mlangoni, akasimama pale mpaka mtoto akanywa yote.