Siku Niliyoshindana na Mama Mkwe Mnadani

Mkitaka kucheka chekeni tu, maana kanisa zima lilishacheka na video ipo kwenye simu za watu mpaka leo. Ila msiniulize tena kwa nini siku hizi nikienda kanisani hapa Lindi navaa raba na kamba nafunga mafundo mawili.

Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Niliwapigia kelele wazee wa kanisa mpaka wakakubali tubomoe ngazi za mlango mkubwa tuweke njia ya mteremko, ya zege, ili mtu wa kiti cha magurudumu aingie bila kubebwabebwa. Watu wakadhani nina huruma sana. Uongo! Nilikuwa namuwaza mama mkwe wangu. Ni Mwislamu wa kijiji cha Kitomanga, miguu ilishamkatalia, na tangu nimuoe binti yake hajawahi kukanyaga kanisani kwetu. Tulipomwambia mjukuu wake Neema ataimba peke yake Sikukuu ya Mavuno, akauliza, "Sasa mimi nikikaa huko, nani atanisemesha?" Neno hilo liliniuma. Nikaapa atakuja, ataingia kwa mlango mkubwa, na atasemeshwa.

Basi wakaja na Noah ya kukodi, yeye na shemeji zangu na watoto wao. Shemeji walipofika mlangoni wakavua viatu, kama walivyozoea msikitini. Mtu mwenye akili zake angesema, "Jamani, hapa tunaingia navyo." Mimi hapana! Nikaona wataona haya wakijikuta peku peke yao, nikavua vyangu, halafu nikasimama mlangoni namwambia kila muumini, "Leo tunavua, kwa heshima ya wageni." Wakavua, mpaka mchungaji. Nikajiona mtu wa maana kweli.

Kugeuka, njia yangu ya zege haionekani. Ndala, makubazi, visigino vya wanakwaya, vyote vimelundikana kwenye mteremko, na mama mkwe yuko chini kwenye kiti chake hana pa kupita, ananitazama tu. (Njia nimeijenga kwa ajili yake, na mwenye kuiziba ni mimi.) Shemeji akataka kumbeba. Nikafoka, "Habebwi mtu hapa!" Nikakimbilia stoo, nikachukua gunia tupu, nikasomba viatu vyote nikatia, nikafunga mdomo kwa kamba maana mbwa wa jirani anapenda sana ndala, nikaliegemeza ukutani. Na pale ukutani palikuwa na nini? Magunia ya sadaka ya mavuno, yanasubiri kuingizwa. Mimi wala sikuyatazama, nishashika kiti namsukuma mama mkwe kwa madaha.

Neema aliimba vizuri, bibi yake akafuta machozi, nami nikasahau mambo yote. Ndipo akina mama wakaanza kuleta sadaka mbele kwa vigelegele, na katikati yao naliona gunia langu liko kichwani kwa mama mmoja, anacheza nalo. Nikapunga mikono. Wakadhani nimeguswa na wimbo, wakazidisha vigelegele. Mchungaji akaliombea lile gunia, naye yuko peku.

Ningesema pale pale yangeisha. Lakini niseme nini mbele ya ukwe? Nikajiambia nitalinunua kimya kimya kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada.

Mnada ukafanyika nje, jua kali, mchanga unaunguza, kila mtu anarukaruka na kuuliza viatu viko wapi, na mimi natazama juu kama natafuta mvua. Mzee aliyekuwa ananadi akalitomasa gunia langu. "Makopa haya, makavu kabisa!" (Kwa kweli gunia la viatu ukilitomasa huwezi kulitofautisha na la mihogo mikavu.) Nikataja bei upesi. Nyuma yangu nikasikia, "Naongeza." Mama mkwe! Yule mama kwa makopa humwambii kitu. Nikaongeza. Akaongeza. Nikaongeza tena, jasho linanitoka, watu wameacha kurukaruka wananishangaa mimi, na mke wangu akanifinya ubavuni kwa hasira zake zote. "Baba Neema, unashindana na mama yangu? Umerogwa?"

Nikaacha kuongeza. Likawa la mama mkwe.

"Hebu fungueni tuone," akasema. Kikatoka kiatu cha mchungaji.

Kelele zile sizielezi. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe peke yake hakucheka. Akaagiza asogezwe mpaka chini ya mteremko, gunia likae miguuni pake, halafu akatangaza, "Mali yangu hii, nimeinunua. Anayetaka kiatu aje anisalimie." Kanisa zima likapanga mstari. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Wewe mtoto wa nani? Kiatu chako kipi?" Huyu anaulizwa hali ya wazazi, yule anaulizwa mikorosho yake imezaaje, mpaka mwenye Noah akaanza kupiga honi na mama akamwambia atulie, bado anaongea na watu.

Nikaja wa mwisho. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mkwe." Akanikabidhi makubazi yangu. "Njia yako nzuri. Mwakani nakuja tena. Ila sivui."

Nami nimeapa: mgeni akivua avue, akivaa avae, mkono wangu haugusi tena kiatu cha mtu. Wiki iliyofuata nikampelekea Kitomanga gunia la makopa, ya kweli. Nikamsalimia kwa adabu zote. Alilifungua kwanza, akachungulia mpaka chini, ndipo akaitikia.