Mama Aliyekufa Redioni

Mdogo wangu wa kike alijifunzia kuimba kwenye kilabu cha pombe ya mahindi ambacho mama yetu alikuwa nacho nyuma ya nyumba, mtaani kwetu Kawajense, Mpanda. Mama alikuwa anakoroga pipa huku anaimba, mdogo wangu anamwitikia, na wateja wanaacha ugomvi wao wasikilize. Baadaye kwaya ya kanisani ikamchukua, akajulia gitaa huko. Mtu mmoja aliyekuja kurekodi kwaya akaondoka naye kwa treni kwenda Dar es Salaam. Mama aliuza pipa kubwa ili binti asiende mikono mitupu.

Wimbo uliomtoa ulikuwa wa gitaa tupu, wa mtoto aliyefiwa na mama yake shambani wakati wa palizi. Mpanda nzima iliuimba, saluni, sokoni, kwenye bajaji. Mama aliusifia, alisema ni hadithi tu. Kisha siku moja mtangazaji akamuuliza mdogo wangu redioni kama ni kweli. Akajibu kwa sauti ya kilio kwamba ndiyo, yeye ni yatima. Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Kuanzia jioni ile wateja wakawa wanamwita Marehemu, na jina likamganda.

Alipokuja kutumbuiza uwanjani kwetu, mama alivaa kitenge chake cha kanisani, nikampeleka nyuma ya jukwaa. Mdogo wangu alikuwa amezungukwa na watu wa kamera. Alituona, uso ukamshuka, halafu akatabasamu na kupiga goti.

"Shikamoo mama," alisema. "Asante kwa kuja. Mashabiki wa nyumbani ndio nguvu yangu."

Mama akaitikia marahaba. Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole kwa kufiwa, mwanangu. Mama yako angekuona leo, angefurahi."

Watu wa kamera wakawapiga picha. Alipoanza kuimba, watu walilia sana. Mwanamke aliyesimama karibu yetu alimpa mama leso, lakini macho ya mama yalikuwa makavu.

Baada ya wiki kadhaa mdogo wangu alinipigia. Alisema mameneja wake ndio waliomkataza kusema ukweli, akaomba aongee na mama. Nikamsogezea simu.

"Mwambie simjui," mama alisema, na mdogo wangu alimsikia.

Mama akaendelea kumenya viazi. Nikatoka nje na simu, nikamwambia mdogo wangu asipige tena. Alilia. Sikumbembeleza.