Ungo Uliosubiri Kidole cha Bibi

Juzi nilikuwa kwenye basi Sparkbrook, huku ughaibuni. Mnanijua, mimi mtoto wa Ziwa Victoria sishtushwi na maji. Mbele yangu bibi mmoja wa Kihindi alishika simu kwa mikono miwili, ameikodolea macho.

"Ana nini?" nikamuuliza binti yake aliyeketi kando.

"Kijijini kwetu, kule Uhindini kwa Wakannada, bwawa limefurika. Lilikauka miaka mingi, watu wakahama. Likijaa, wanawake hulishukuru kwa ungo wenye nazi, bangili na manjano. Mkubwa wetu ni mama. Wanamngoja auguse kwanza kwa simu, ndipo waushushe majini."

Nikaichungulia simu. Kijiji kizima kimesimama ukingoni, maji yanamwagika juu ya mawe meupe kama maziwa yanayochemka. Wifi ya bibi akausogeza ungo ukajaa kwenye kioo cha simu. Bibi akavua viatu, akanyoosha kidole, akaugusa. Simu ikakatika!

"Mama, umebonyeza pale pekundu!"

Bibi akajishika kichwa. Hata mimi, nisiyelia matangani, nikainuka kitini. Binti akapiga tena. Ikaita, ikaita, ikapokelewa. Hakuna aliyekuwa amesogea kule, ungo ungali mikononi.

Nikasema, "Nipeni mimi niishike." Safari hii bibi akagusa juu kabisa, polepole. Ungo ukashuka, ukaelea, ukaenda zake. Bibi akanong'ona kitu.

"Anasemaje?"

"Anasema maji ni ya baridi."

Mkitaka msiamini, lakini nilikitazama kile kidole kwa macho yangu. Kilikuwa kimelowa.