Mbuzi wa Kariuki

Asubuhi hiyo nilikuwa nachambua maharagwe mlangoni pa jikoni, kwetu Dagoretti, na kero yangu kubwa duniani ilikuwa moshi. Baba akaingia na mbuzi dume mweusi tii, hana hata doa, akamfunga nyuma ya ghala. Nikamwuliza ni wa nini. Akaniambia nichambue maharagwe.

Baba alikuwa mtu wa kulalamika. Shamba la babu lilikuwa limegeuzwa kahawa ya mzungu, naye akaajiriwa kupalilia humo humo, kipande cha utambulisho kikining'inia shingoni kama kengele ya ng'ombe. Alilalamika kwa chifu, akalalamika kanisani, akatembea na wazee wenzake hadi mjini kumlalamikia bwana DC, wakafukuzwa getini. Aliporudi kutoka huko akanyamaza. Hapo ndipo mama alipoanza kuogopa.

Mbuzi asiye na doa alikuwa wa kiapo, kile cha kupigania ardhi. Mama alijua. Gadi naye angejua, na gadi wetu hakuwa mgeni. Alikuwa jirani, amepewa na serikali koti na bunduki awawinde wapiganaji wa msituni. Mchana akapita kwetu kuomba maji, na mbuzi akalia.

"Huyu ni wa nini?"

"Wa mahari," mama akasema. "Wanjiru ameposwa."

Ngai! Nami ndiyo kwanza nasikia.

"Na nani?"

Mama akataja jina la kwanza lililomjia. "Kariuki wa kichinjioni."

Kariuki alikuwa mchuna ngozi, kijana mrefu, mpole, mwana pekee wa mama mjane. Tulikuwa tunasalimiana tu, basi. Gadi akamaliza maji yake polepole, akasema anakwenda kumpongeza bwana harusi. Mama akanitazama. Nikakatiza mahindini mbio, nimtangulie.

Nilimkuta Kariuki na kisu mkononi.

"Sema ulileta mbuzi kwetu. Usiposema, baba atanyongwa."

Hakuuliza kitu.

Gadi akatokea mlangoni. "Kariuki, Wanjiru ni wako?"

Akafuta kisu kwa aproni yake. "Ni wangu. Na bado natakiwa kupeleka mbuzi wengine, usinitie presha."

Gadi akacheka. Jioni alikuja na wenzake, wakamchinja yule mweusi, wakamla, wakatuimbia nyimbo za harusi. Mama aliwapakulia.

Uongo ule ulibidi utunzwe. Kariuki akawa anakuja Jumapili baada ya ibada, anakaa kwenye kigoda, anausifu uji wa mama hata ukiwa umeungua. Mwanzoni tulikuwa tunatazama chini kama wezi. Halafu gadi akahamishwa kwa muda, hakuna tena wa kudanganywa, na Kariuki akaja vilevile, akivuta mbuzi jike wa kahawia.

"Na huyu anaonyeshwa nani?" nikamtania.

"Huyu si wa kuonyeshwa," akasema. "Huyu ni wako."

Nilifurahi. Sina namna nyingine ya kusema.

Baba naye alipata mbuzi mwingine, mahali pengine. Akaapisha watu, akachongewa, akakimbilia msituni. Kesho yake asubuhi magadi walikuja na askari wa kizungu, wakawachukua mbuzi, hata yule wa kahawia, wakatia nyumba moto.

Hawakumpata baba.

Gadi wetu, amesharudi, akasema, "Ana mkwe."

Walimleta Kariuki na aproni yake. Angesema maneno machache tu, kwamba yule mbuzi mweusi hakuwa wake, angerudi kwa mama yake, na mimi na mama, tuliodanganya, ndio tungepandishwa lori.

Alinitazama kutoka juu ya lori. Akanyamaza.

Lori likaondoka.

Alifia kizuizini. Aliyetuletea habari alisema alizikwa pamoja na wafungwa wengine, bila alama. Baba alirudi mzima baada ya uhuru, akakuta mzungu ameuza shamba la babu kwa yule gadi. Leo ni magorofa. Nikipita hapo natema mate, na umri huu wangu wote.

Baba alitaka tumpelekee mama Kariuki mbuzi badala ya yule wa kahawia. Kwetu posa huvunjwa hivyo: mbuzi akirudi kwao, binti anaweza kuolewa kwingine. Nilikataa. Alinibembeleza, akanigombeza, nikakataa. Mama Kariuki nikamtunza mimi mpaka nilipomzika.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, mawakili wakaanza kutuita sisi wazee tueleze tuliyotendwa, Waingereza washtakiwe. Nyambura, mjukuu wa dada yangu anayekaa Mountain View, akanipeleka ofisini Upper Hill. Wakili alikuwa kijana mwenye adabu, akiniita shosho, yaani bibi. Nikamweleza yote, akasikiliza.

"Shosho, huyu Kariuki tuseme alikuwa nani wako?"

"Hakuwa bwanake," Nyambura akadakia. "Shosho hajawahi olewa. Hiyo ilikuwa tu stori ya kudanganya gadi."

Simlaumu mtoto, nyumbani hakuna aliyemwambia vingine.

"Kijana, kwenu ni wapi?" nikamwuliza.

"Kiambu, shosho."

"Basi mila yetu ni moja, utanielewa. Mbuzi wake hatukurudisha."

Akaweka kalamu chini. Akainuka, akazunguka meza, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, shosho, kwa kumpoteza mzee wako."

Nililia mbele za watu, bila haya. Tangu lori lile liondoke, hakuna mtu aliyekuwa amenipa pole.