Tone Lisilo na Mashahidi

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya Arua, Mkuu wa Maabara alinikabidhi kipande cha kioo cheusi, akasema, "Kijana, tone ya mgonjwa haikai peke yake. Iko na mashahidi mbili."

Nawaeleza polepole ninyi mnaoanza kazi. Mtoto akiumwa koo kwa vijidudu vya streptokoki, mwili hutengeneza askari wa kupambana navyo. Koo hupona, askari hubaki katika damu kwa majuma. Tulizungusha damu mpaka maji yake ya njano yajitenge, tukaweka tone kwenye kioo, tukachanganya na dawa nyeupe kama maziwa, tukatikisa dakika mbili. Likifanya chembechembe, askari wapo. Pembeni tuliweka mashahidi: tone tunalojua lina askari, na lingine tunalojua halina. La kwanza lisipofanya chembechembe, dawa imekufa.

Miaka ya themanini ikielekea mwisho, nilihamishiwa Koboko. Dawa, ambayo hutakiwa kukaa kwenye baridi, ilinifikia kwa lori la kwenda Oraba, juani. Msimamizi wa kituo aliniona nikiandaa mashahidi, akacheka.

"Fundi, hapa iko koti ya kesi? Mashahidi ya nini? Watu iko mingi, chupa iko kidogo. Pima mugonjwa tu!"

Nikatii.

Mama mmoja wa Kuluba alimleta binti yake Zaitun, wa miaka tisa. "Daktari, leo goti iko nauma, kesho mkono. Hii ugonjwa natembea."

Maumivu yanayohama hivyo huonya kwamba moyo unaweza kuliwa na askari wale wale wa koo. Lakini tone lake lilibaki laini. Niliandika: hakuna. Akapewa vidonge vya maumivu badala ya sindano za penisilini.

Miezi kadhaa baadaye, Msimamizi akiwa safarini, niliipima dawa ile ile kwa shahidi mwenye askari. Naye alibaki laini.

Nilipanda baiskeli hadi Kuluba. Zaitun alikuwa ameegemea gunia la mihogo, akihema kama aliyetoka kukimbia. Tulianza sindano, lakini moyo ulikuwa umeshaharibika. Hakumaliza mwaka.

Msibani mama yake alinishika mikono. "Daktari, wewe peke yako ulikuja mpaka nyumbani. Mungu akubariki."

Nikasema amina.

Cheti changu cha kustaafu kinanisifu kwa utii. Wanangu, msimamizi akiwacheka, acheke. Ninyi wekeni mashahidi. Mama Zaitun hunisalimia sokoni hadi leo, na kunibariki. Hadi leo namjibu amina.