Pasi za Usiku wa Kuamkia Idi

Miaka ya hamsini, Wabelgiji wakitutawala, Sumaili ndiye aliyeangalia mashini ya umeme ya Kasongo. Mashini yenyewe ilikuwa moja, ndogo, na Wazungu waliitaka iwashe taa zao, ipoze bia zao na ipige pasi mashati yao kwa wakati mmoja. Ilipozidiwa ilianza kukohoa. Hapo amri ilikuwa moja: akate kwanza mtaa wetu, kisha hospitali ya weusi. Nyumba za Wazungu zisiguswe. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo tulivyoishi.

Sumaili aliichukia amri hiyo. Aliona wazi kwamba jioni mashini haiuawi na taa, inauawa na pasi. Basi akawaendea madobi wa Wazungu, karibu wote watu wa msikiti wetu.

“Ndugu zangu, muezini akiita magaribi, kila mutu atoe pasi yake ku umeme. Kule hospitali kuko wagonjwa.”

Faradji, mkubwa wa madobi, alimcheka. “Weye Sumaili! Sasa adhana inaita watu ku sala, ao inapeleka pasi kulala?”

Lakini walishika. Miezi ikapita hospitali haijakatwa hata mara moja, na Muzungu wa mashini, mkubwa wa Sumaili, akajisifu kwa wenzake kwamba mashini yake ni nzuri. Nikikumbuka hilo bado nakasirika.

Ikafika siku ya mwisho ya Ramadhani. Asubuhi Aziza, mke wa Sumaili, alipelekwa hospitali kwa uchungu, mtoto amekaa vibaya tumboni. Jioni daktari akasema atampasua. Sumaili aliletewa habari akiwa kazini, na hakuondoka, kwa kuwa taa ya kumpasulia mkewe ilitoka pale pale aliposimama.

Magaribi ikaitwa, pasi zikatolewa kama kawaida. Kisha mwezi ukaonekana, ngoma zikalia, na hapo tukakosea sisi wenyewe. Nani anakwenda kusali Idi na kanzu yenye makunyanzi? Wazungu walikuwa klabu wanakunywa. Kila dobi akakumbuka kanzu yake, ya baba yake na ya jirani, akachomeka pasi ya bwana wake. Makubaliano yalikuwa ya mashati ya Wazungu. Kanzu ya Idi hakuna aliyeihesabu kuwa kazi.

Mashini ikaanza kukohoa. Sumaili akakata mtaa wetu, haikutosha. Mkono ukafika kwenye swichi ya hospitali, ukasimama. Akasema bismillahi, akakata nyumba za Wazungu, na klabu pamoja nazo.

Muzungu wa mashini alipofika na tochi, kule hospitali mtoto alikuwa ameshalia.

“Nani alikuambia ukate kwetu?”

“Muke yangu iko wanamupasua, Bwana.”

Alimpiga kofi, akamwita askari. Idi ya Sumaili ikaliwa gerezani.

Faradji alimletea pilau, akaketi karibu naye akilia. “Ni siye tulikutia humu, kaka.”

“Aziza anaendelea namna gani?”

“Iko ku kitanda kule hospitali, na mutoto. Kidonda kinamuuma sana. Daktari anasema atamuangalia tena jioni.” Faradji akapangusa macho. “Lakini makubaliano yetu Wazungu wameyavunja. Leo hatukufanya kazi, basi wameamuru tupige pasi mashati yote jioni hii.”

Jua likazama. Sumaili alisimama dirishani mwa gereza, mahali panapoonekana hospitali na nyumba za Wazungu. Alisikia mlio wa mashini ukibadilika kabla mtu mwingine hajatambua lolote. Akashika vyuma, akamwita mtu mpya wa mashini kwa sauti yake yote: “Musafiri! Kata kwa Wazungu! Kata kwa Wazungu!”

Hospitali ikazimika.

Musafiri alikuwa mbali, hakusikia. Hata angesikia, naye alikuwa na mke na watoto, na alikuwa ameona jana mwenzake alivyofungwa.